Kutoka Nairobi Hadi London: Umbali, Masaa ya Ndege na Mboga Zetu

Somo kwa vikundi vya kujisaidia



Mishiri inayochumwa Mwea siku ya Jumatatu inaweza kuwa dukani London siku ya Alhamisi. Vikundi vingi vya Kirinyaga, Murang'a, Machakos na Meru vinaishi kwa biashara hii. Lakini ukiuliza katika mkutano, "London ni kilomita ngapi kutoka hapa, na ndege inachukua masaa mangapi?" utapata majibu kumi tofauti. Mmoja atasema masaa sita, mwingine kumi na mbili, na kila mmoja ana jamaa aliyesafiri akamwambia hivyo.

Pengine mtu atauliza, sisi wakulima jambo hilo linatuhusu nini? Linatuhusu sana. Mzigo ukikataliwa, mara nyingi tunaambiwa, "Ndege ilichelewa, mboga zikaharibika." Mtu asiyejua hesabu ya safari hawezi kujua kama neno hilo ni kweli au ni la kumfunga mdomo. Basi leo tutajifunza hesabu hiyo pole pole, hatua kwa hatua. Someni pamoja, na mwenye kujua kusoma awasomee wengine. Mtahitaji uzi, rula na chungwa au mpira mdogo.

1. UMBALI NI NINI?

Kuna umbali wa barabara na kuna umbali wa angani. Hizi ni hesabu mbili tofauti.

Chukua mfano wa karibu. Kutoka Nairobi hadi Mombasa kwa barabara ni kama kilomita 480. Lakini barabara inapinda, inapanda na kushuka, inapita Emali, Mtito Andei na Voi. Ndege haina haja ya kupita Voi. Inanyoosha tu, na kwa hiyo inasafiri kama kilomita 420. Kutoka Nairobi hadi Kisumu barabara ni kama kilomita 350, lakini angani ni kama kilomita 280 peke yake, kwa sababu barabara inazungukia Bonde la Ufa na vilima vyake.

Sasa London. Kutoka Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta pale Embakasi hadi uwanja wa Heathrow, London, umbali wa angani ni kama kilomita 6,840. Hiyo ni zaidi ya mara kumi na nne ya barabara ya Nairobi hadi Mombasa. Yaani ungekuwa na gari lingekwenda Mombasa na kurudi mara saba, na bado halijamaliza safari.

2. KWA NINI RAMANI YA UKUTANI INADANGANYA?

Wengi wetu tumeona ramani ya dunia iliyobandikwa ukutani shuleni. Ukiweka rula juu ya ramani ile kupima Nairobi hadi London, hutapata jibu sawa. Sababu ni kwamba dunia ni ya mviringo kama chungwa, na karatasi ni bapa. Ukimenya chungwa na kujaribu kulaza ganda lake mezani, linapasuka. Wachora ramani hawataki ipasuke, kwa hiyo wanazivuta nchi zilizo mbali na ikweta zionekane kubwa kuliko zilivyo. Katika ramani nyingi za namna hiyo kisiwa cha Greenland kinaonekana kinakaribia Afrika kwa ukubwa. Ukweli ni kwamba Afrika ni kubwa kuliko Greenland mara kumi na nne!

Zoezi: Chukua chungwa. Weka alama moja katikati ya tumbo lake. Hiyo ni Nairobi, ambayo iko karibu sana na ikweta. Weka alama nyingine juu kidogo kuelekea kikonyo, upande wa kushoto. Hiyo ni London. Sasa vuta uzi kutoka alama moja hadi nyingine mpaka ukaze kabisa. Njia ya uzi ndiyo njia fupi kuliko zote, na marubani wanajaribu kuifuata kadiri wanavyoweza. Kama shule ya karibu ina tufe la dunia, ombeni kulitumia. Pimeni uzi wa Nairobi hadi London, halafu pimeni uzi unaozunguka ikweta yote. Dunia kuzunguka ni kama kilomita 40,000. Mtaona kwamba uzi wa London ni kama sehemu moja kati ya sita ya uzi wa ikweta. Gawa 40,000 kwa 6, unapata kama 6,670. Si mmekaribia sana? Na mmefanya hivyo kwa uzi tu.

3. MASAA YA ANGANI

Ndege kubwa ya abiria ikishapanda juu, kilomita 10 hadi 12 kutoka ardhini, inakwenda kama kilomita 850 hadi 900 kwa saa moja. Basi tugawe:

6,840 ÷ 850 = masaa 8 na dakika chache.

Lakini ndege haianzi na mwendo huo. Kwanza inatembea chini taratibu kwenda kwenye njia ya kurukia, inangoja zamu, inaruka, inapanda. Kule mwisho inapunguza mwendo, inashuka, na Heathrow kuna ndege nyingi, kwa hiyo mara nyingine inazungushwa angani kungoja nafasi ya kutua. Ongeza dakika thelathini hadi saa nzima. Ndiyo maana safari ya moja kwa moja ya Nairobi hadi London inahesabiwa masaa 8 na nusu hadi 9.

Hebu fikirini: basi la usiku kutoka Nairobi hadi Mombasa huchukua masaa 8 au zaidi. Kwa muda huo huo ndege imeshavuka kaskazini mwa Kenya, jangwa la Sahara, bahari ya Mediterania na milima ya Alps, na inatafuta London.

Kuna mambo yanayorefusha au kufupisha safari:

(a) Upepo. Juu sana, katika nchi zilizo kaskazini, kuna upepo wenye nguvu unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukiisukuma ndege kwa nyuma, safari inakuwa fupi. Ukiipiga kwa mbele, inakuwa ndefu. Safari yetu inaelekea zaidi kaskazini kuliko magharibi, kwa hiyo upepo huo hautusumbui sana, lakini dakika kadhaa unaweza kula.

(b) Anga iliyofungwa. Vita vilipozuka Sudan mwezi wa Aprili 2023, anga ya nchi hiyo ilifungwa, na ndege zilizozoea kupita juu yake zikalazimika kuzunguka. Kuzunguka ni kilomita, na kilomita ni masaa na mafuta.

(c) Joto na kimo cha Nairobi. Uwanja wa Nairobi uko zaidi ya meta 1,600 juu ya usawa wa bahari. Huko juu hewa ni nyepesi, na wakati wa joto la mchana inakuwa nyepesi zaidi. Ndege iliyojaa mizigo na mafuta inapata taabu kuinuka katika hewa nyepesi. Njia ya kurukia pale Embakasi ni ndefu, zaidi ya kilomita 4, na hewa baridi ya usiku inasaidia. Hii ni sababu mojawapo ya ndege nyingi za Ulaya kuondoka Nairobi usiku.

(d) Kushuka njiani. Ndege inayopitia mji mwingine inaongeza masaa mengi. Mtu aliyekwambia alisafiri masaa kumi na tano huenda hakusema uongo. Ni kwamba alingojea ndege nyingine njiani.

Tusisahau tumetoka wapi. Mwaka 1931 shirika la Imperial Airways lilipoanzisha safari za ndege kati ya London na Afrika Mashariki, ndege zake zilitua juu ya maji ya Ziwa Victoria pale Kisumu. Abiria walikuwa safarini siku nyingi, wakilala njiani usiku na kuendelea asubuhi. Umbali haukupungua tangu siku zile. Kilichobadilika ni mwendo.

4. SAA ZETU NA SAA ZAO

Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Jua linachomoza kwetu kabla halijachomoza London. Kwa hiyo saa ya London iko nyuma ya saa ya Kenya. Wakati wa baridi kwao, tofauti ni masaa 3. Wakati wao wa joto wanasogeza saa mbele, na tofauti inakuwa masaa 2. Wanabadilisha Jumapili ya mwisho ya mwezi wa Machi na Jumapili ya mwisho ya mwezi wa Oktoba. Sisi hatubadilishi kamwe.

Tuchukue mfano wa mwezi wa Januari. Ndege inaondoka Nairobi Jumatatu saa tano na nusu usiku. Inakaa angani masaa 9. Kwetu itakuwa Jumanne saa mbili na nusu asubuhi. Lakini saa ya ukutani London inaonyesha saa kumi na moja na nusu alfajiri. Msafiri akitazama saa ya kuondoka na saa ya kufika bila kufikiri, atasema, "Nimesafiri masaa sita tu!"

Akirudi je? Anaondoka London saa nne asubuhi, anakaa angani masaa 8 na nusu, anafika Nairobi saa tatu na nusu usiku. Akihesabu vile vile, atasema amesafiri masaa kumi na moja na nusu. Sasa mmeona kwa nini jamaa zetu wanatuletea majibu tofauti. Dawa yake ni rahisi: jumlisha ya kwenda na ya kurudi, 6 na 11 na nusu, unapata 17 na nusu. Gawa kwa mbili. Jibu ni masaa 8 na dakika 45 kila upande, na tofauti ya saa imejifuta yenyewe.

5. KUSOMA TIKETI NA HATI YA MZIGO

Tiketi haiandikwi kwa saa za Kiswahili. Inaandikwa kwa namba kutoka 00 hadi 23, kuanzia usiku wa manane. Kanuni ya kubadilisha ni hii:

- Namba 7 hadi 18: toa 6. Kwa mfano 15:00 ni saa tisa mchana.
- Namba 19 hadi 23: toa 18. Kwa mfano 23:30 ni saa tano na nusu usiku.
- Namba 0 hadi 6: ongeza 6. Kwa mfano 00:30 ni saa sita na nusu usiku, na 05:30 ni saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Jihadharini sana na ile 00:30. Tiketi ikisema Jumatano tarehe 12, 00:30, maana yake ni usiku wa kuamkia Jumatano. Mtu anatakiwa awe uwanjani Jumanne jioni, tarehe 11. Akipumzika nyumbani Jumatano mchana, akaagwa na kikundi kizima, akaenda uwanjani Jumatano usiku, atakuta ndege yake imeondoka jana. Kosa hili linawapata watu wenye akili timamu, na tiketi ni pesa nyingi. Kijana wa kijiji chenu akipata nafasi ya masomo au kazi ng'ambo, msomeeni tiketi mbele ya wazee, na muandike kwa maneno kamili: "usiku wa kuamkia Jumatano."

Jambo hili pia linahusu mizigo. Mnunuzi akiwaambia, "Mzigo wenu unaruka tarehe 12 saa sita na nusu usiku," mjue kwamba mboga lazima ziwe zimeshafika uwanjani tarehe 11.

6. SAFARI NZIMA YA MISHIRI

Kwa nini mishiri ipande ndege hali ndege ni ghali? Angalieni avokado. Avokado inaweza kwenda kwa meli kutoka Mombasa ndani ya kontena lenye baridi. Kwa kupitia mfereji wa Suez, njia ya bahari hadi Uingereza ni zaidi ya kilomita 11,000, na safari inachukua karibu mwezi. Kuanzia mwisho wa 2023, meli nyingi zilipoacha njia ya Bahari ya Shamu kwa ajili ya mashambulizi na kuzunguka Afrika Kusini, safari ilirefuka zaidi. Avokado iliyochumwa ikiwa ngumu na kutunzwa vizuri inaweza kuvumilia majuma hayo. Mishiri haiwezi. Hata katika baridi nzuri inadumu kama siku nane hadi kumi na mbili tu. Kwa hiyo lazima iruke.

Hebu tuhesabu safari yote. Huu ni mfano wetu. Kila kikundi kiweke masaa yake chenyewe. Tunatumia saa za Kenya mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya 1. Kuchuma. Jumatatu saa moja asubuhi hadi saa nne: masaa 3.
Hatua ya 2. Kuchambua na kupanga kwenye kreti, hadi saa sita mchana: masaa 2.
Hatua ya 3. Kungoja gari la mnunuzi, hadi saa tisa: masaa 3.
Hatua ya 4. Njiani hadi Nairobi, hadi saa kumi na mbili jioni: masaa 3.
Hatua ya 5. Ghala la kufungashia: kupozwa, kuchambuliwa tena, kufungwa, kukaguliwa, kupelekwa uwanjani. Hadi Jumanne saa kumi alasiri: masaa 22.
Hatua ya 6. Kungoja uwanjani, hadi saa tano na nusu usiku: masaa 7 na nusu.
Hatua ya 7. Angani, hadi Jumatano saa mbili na nusu asubuhi: masaa 9.
Hatua ya 8. Forodha, ghala la kule, lori, mpaka dukani. Hadi Alhamisi saa tano asubuhi: masaa 26 na nusu.

Jumlisheni. Jumla ni masaa 76. Katika masaa hayo 76, ndege imechukua 9 tu, yaani kama moja kati ya nane. Masaa mengine yote yanapita hapa chini, ardhini, mikononi mwa watu. Sasa ndugu yangu, ukisikia mboga zimeharibika, mbona uitazame ndege peke yake?

7. SI KILA SAA NI SAWA

Kuna jambo moja zaidi, na hili ndilo la kukumbuka kuliko yote. Mboga iliyochumwa bado inapumua. Inaendelea kula chakula chake yenyewe na kupoteza maji. Joto likipanda kwa nyuzi 10, mwendo wa kuzeeka unaongezeka mara mbili au hata tatu.

Ndani ya chumba cha baridi mishiri inawekwa kwenye nyuzi kama 7 au 8. Chini ya jua la Mwea saa saba mchana joto linaweza kufika nyuzi 30. Tofauti ni zaidi ya nyuzi 20, yaani ngazi mbili za kumi kumi. Mara mbili, halafu mara mbili tena, ni mara nne, tukihesabu kwa upole. Kwa hiyo masaa 3 ya kungoja gari juani yanaizeesha mishiri sawa na masaa 12 ndani ya baridi. Na masaa 12 ni zaidi ya safari yote ya kutoka Nairobi hadi London!

Someni tena mstari huo. Ile kreti iliyoachwa kando ya barabara tukingoja pikapu imesafiri hadi London na zaidi kabla haijatoka kijijini. Mwenye duka kule haoni barabara yetu. Anaona tu mboga iliyonyauka, na anakataa.

8. SIKU AMBAZO NDEGE HAZIKURUKA

Tusiseme kwamba ndege haina lawama kamwe. Mwezi wa Aprili 2010 mlima wa moto ulilipuka katika nchi ya Iceland, mbali kabisa kaskazini. Majivu yake yalitanda katika anga ya Ulaya, na kwa kuwa majivu yanaweza kuzima injini za ndege, viwanja vingi vilifungwa karibu juma zima. Hapa Kenya maua na mboga zilizokuwa tayari zilirundikana magodoni na nyingi zikatupwa. Wafanyakazi wa mashamba ya maua waliambiwa wakae nyumbani. Mkulima ambaye hakuwahi kusikia habari za Iceland alipata hasara kwa ajili ya mlima wa kule.

Tena mwezi wa Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, Kenya ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa hadi tarehe 1 Agosti mwaka huo. Wengi walishangaa: ndege za abiria zina uhusiano gani na mboga? Jibu ni kwamba ndege ya abiria hubeba mizigo mingi tumboni, chini ya miguu ya wasafiri. Abiria wakikosekana, nafasi ya mboga nayo inapotea, na nafasi chache zinazobaki kwa ndege za mizigo zinapanda bei.

Fundisho ni hili: kikundi kinachotegemea soko moja lililo mbali kilomita 6,840 kinafaa kuwa na jambo lingine la karibu. Kama shamba lote ni mishiri, tengeni sehemu ya maharagwe ya kula, mahindi au sukuma wiki, ili siku ndege zikisimama nyumba isilale njaa.

9. KIKUNDI KIFANYE NINI?

Masaa ya angani hatuwezi kuyapunguza. Lakini hatua za 1, 2 na 3 ziko mikononi mwetu. Tufanye haya:

Kwanza, tuchume mapema, mara tu umande unapokauka, na tumalize kabla jua halijawa kali. Mboga zisiwekwe juani hata dakika moja. Hata kivuli cha mwembe ni bora kuliko jua.

Pili, tujenge kibanda cha baridi cha makaa. Ni fremu ya mbao yenye kuta mbili za waya, na katikati kunajazwa makaa. Makaa yanamwagiwa maji mara kwa mara. Hewa ikipita katika makaa yenye maji, inapoa. Hakihitaji stima. Hakifiki baridi ya friji, lakini kinapunguza joto, na kila nyuzi inayopungua ni masaa tunayopata. Paa liwe na kivuli na maji yasikauke.

Tatu, tupatane na mnunuzi saa ya gari kufika, na iandikwe kwenye mkataba. Isiwe "mchana" tu. Iwe "saa tano na nusu asubuhi." Iandikwe pia kwamba gari likichelewa kupita muda fulani, hasara si ya mkulima peke yake.

Nne, karani awe na daftari la masaa. Kila siku ya kuchuma aandike: saa ya kuanza, saa ya kumaliza, saa gari lilipofika, idadi ya kreti na uzito, na jina la dereva. Dereva atie sahihi.

Tano, mzigo ukikataliwa kwa sababu ya ndege, tuulize kwa adabu mambo mawili: namba ya ndege na tarehe yake, na namba ya hati ya mzigo wa ndege. Hati hiyo ina namba yenye tarakimu 11. Kwa namba hizo, mtu mwenye simu yenye intaneti anaweza kufuatilia mzigo na kuona uliondoka na kufika lini. Mnunuzi mwaminifu hatakasirika akiulizwa. Na kama ndege ilifika kwa wakati, basi tatizo liko kwingine, na tukae chini tulitafute pamoja, hata kama liko shambani kwetu.

Sita, tuhesabu siku kwa kurudi nyuma pia kwa upande wa dawa. Kila chupa ya dawa imeandikwa siku za kungoja kabla ya kuchuma. Ndege haina haja ya kuchelewa ndipo mzigo ukataliwe. Dawa iliyobaki kwenye mboga inatosha. Msimpulizie mtu shamba lake siku mbili kabla ya kuchuma kama chupa inasema siku saba.

10. MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kutoka shamba lenu hadi uwanja wa ndege ni kilomita ngapi? Gari linachukua masaa mangapi wakati wa kiangazi? Na wakati wa mvua je?

2. Andikeni hatua zote za mboga zenu, kama tulivyofanya katika sehemu ya 6. Jumla ni masaa mangapi? Ni mangapi kati ya hayo yanapita juani?

3. Ndege inaondoka Nairobi mwezi wa Julai tarehe 3, saa 23:50, na inakaa angani masaa 9. Itafika London saa ngapi kwa saa zetu? Na kwa saa zao? (Jibu: kwetu tarehe 4, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi. Kwao tarehe 4, saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, kwa sababu Julai tofauti ni masaa 2.)

4. Kibanda cha makaa kingegharimu kiasi gani hapa kwetu? Ni nani ana mbao, nani ana waya, na nani atajitolea kwa kazi ya mikono?

5. Ndege zikisimama juma zima, mboga zetu tutazipeleka wapi? Amueni leo, kabla siku hiyo haijafika.

Kwa mkutano ujao karani aje na daftari lenye masaa ya siku tatu za kuchuma. Mweka hazina aje na hesabu ya kreti zilizokataliwa tangu msimu uanze. Wekeni karatasi hizo mbili pamoja, siku kwa siku, na mtazame kama kreti zilikataliwa zaidi siku zile gari lilipochelewa. Mkiona hivyo, mna neno la kumwambia mnunuzi, na mna sababu ya kujenga kile kibanda mwezi huu huu.